Mgonjwa wako ana kansa ya koo, tumbo au ini na umesikia kuna utafiti wa dawa mpya: uanzie wapi ukiwa Unguja au Pemba

Assalaam alaykum jamani. Naandika hii kwa mtu ambaye sa hivi ana mgonjwa ndani, kansa ya koo (umio, ile njia ya chakula), ya tumbo, ya ini, ya kongosho au ya utumbo mkubwa, na daktari kamwambia "kuna tafiti za dawa mpya, mnaweza kuulizia", akarudi nyumbani na lile neno tu, hajui amuulize nani wala abebe nini. Sisi tulikuwa hapo hapo. Ami yangu, mkaazi wa Wete, wali ulianza kumkwama kooni, mwanzo tukasema labda mwiba wa samaki, akameza tonge kavu la ugali kama tunavyofanya siku zote, haikusaidia, baada ya miezi miwili akawa anapitisha uji tu na supu. Alipokuja kumezeshwa kamera na kukatwa kinyama, ndo tukaambiwa kansa ya koo.

Ntakwambia kitu kimoja kabla ya vyote, kwa sababu ndo kilichotuumiza sisi: anza kukusanya kinyama na karatasi siku ile ile mgonjwa anapopimwa. Usisubiri utafiti upatikane ndo uanze kutafuta ripoti. Utafiti wowote wa kweli wa dawa za kansa utakuuliza kwanza ushahidi wa maabara kuwa hii ni kansa, ya aina gani, imefika wapi, na bila ya hivyo hawakupokei hata uwe unamjua nani.

Manake watu wengi tunajua "ripoti ya biopsi", ile karatasi ya majibu ya kinyama. Karatasi ni nusu tu. Kile kinyama chenyewe walichokukata hakitupwi, kinagandishwa ndani ya nta kwenye kikaseti cha plastiki, kidogo, unakifunika na vidole viwili, ubavuni kimeandikwa namba kwa kalamu, na ukikiangalia kwenye mwangaza unaona ile nta nyeupe na katikati yake kidoa cha rangi ya kahawia kama punje ya mchele uliovunjika. Ndo bloku hiyo. Ile punje ina thamani kuliko faili zima, kwa sababu tafiti nyingi za sasa zinataka kukipima tena kinyama kutafuta alama fulani, na bloku ikitunzwa vizuri inapimika hata baada ya miaka. Nenda maabara iliyosoma kinyama, uombe kwa barua ya daktari, usaini daftari, uibebe ndani ya kibahasha kigumu na usiiweke juani, nta inayayuka.

Sisi hatukujua. Hospitali moja ilitupa karatasi bila namba ya maabara, tukaja kuulizwa bloku iko wapi tukawa tunatizamana, tukarudi, wakasema imepelekwa kwengine, tukaenda huko kwengine, wakasema njooni Jumatatu. Wiki tatu. Kwa mtu anayekula uji hizo ni kilo nyingi, ami aliingia na kilo 58, tulipopata bloku alikuwa 49 na hawezi tena kupanda ngazi mwenyewe. Utafiti tuliokuwa tunaulizia ulikuwa unataka mtu anayejihudumia mwenyewe, anayetembea. Akakosa. Sisemi angepona, Mungu ndo anajua, ila alistahili kupimwa sifa zake akiwa bado na nguvu.

Kwa hiyo mkoba wako uwe na hivi: ripoti ya biopsi yenye namba, bloku au barua inayosema iko wapi, CT skani kwenye CD (siyo ile karatasi ya maelezo tu, CD yenyewe, na uikopi kwenye flashi siku hiyo hiyo kwa sababu CD zinakwaruzika), ripoti ya opereshini kama kapasuliwa, vipimo vya damu vya karibuni vya ini na figo, kipimo cha homa ya ini B na C, kipimo cha HIV, na orodha ya dawa zote anazotumia za presha, sukari, zote. Piga picha kila karatasi uziweke kwenye simu mbili, yako na ya mtu mwengine wa familia.

Kisha huu utafiti wenyewe ni nini hasa

Nyumbani kwetu neno lilipotajwa tu, bi mkubwa mmoja akasema "msimpeleke mwanangu akafanywe panya". Namuelewa kabisa. Lakini dawa kabla haijafika kwa mtu imeshapita maabara na wanyama, na ikifika kwa watu inakwenda kwa awamu. Awamu ya kwanza ni watu wachache, makumi tu, wanatafuta kiwango gani cha dawa mwili unakistahamili. Hapo lengo kuu si kukuponyesha, na atakayekwambia vyengine hasemi kweli. Awamu ya pili wanaangalia kama uvimbe unasinyaa. Awamu ya tatu ni mamia au maelfu ya watu, wanagaiwa makundi kwa kura ya kompyuta, kundi moja linapata tiba ya kawaida inayotumika sasa na jengine linapata mpya au mpya juu ya ile ya kawaida, ndo wanalinganisha. Wewe huchagui kundi na daktari wako pia hachagui.

Na wengi wanaogopa "ntapewa kidonge cha unga". Kwenye kansa ni nadra mgonjwa kuachwa na dawa bandia peke yake wakati tiba ya kweli ipo, mara nyingi ile bandia inawekwa juu ya tiba halisi ambayo kila mtu anapata. Lakini uliza, usidhani, fomu lazima iseme.

Kuhusu nani anawalinda wagonjwa, Wapemba tuna mfano wetu wenyewe na wengi hawaujui. Miaka ya mwanzo ya 2000 Pemba ilifanywa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, watoto zaidi ya 20,000, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ilikuwa ndani ya kazi hiyo. Kila mtu alidhani chuma ni kizuri tu, kinaongeza damu. Kamati huru inayoangalia usalama, watu ambao si wafanyaji wa utafiti, walipofungua hesabu katikati ya safari wakakuta watoto wanaopata chuma ndo wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopata, kwa sababu huku kuna malaria. Mwezi wa nane 2003 wakaamuru sehemu ile isimame. Ikasimama. Matokeo yakachapishwa 2006 na miongozo ya dunia ya kugawa vidonge vya chuma sehemu za malaria ikabadilishwa kwa ajili ya watoto wetu. Kwa hiyo ukikaa mbele ya mtafiti, swali lako mojawapo liwe: kamati ya usalama ipo, na inakutana kila baada ya muda gani?

Na dawa mpya si lazima iwe bora. Dawa inaitwa bevacizumab iliongezwa juu ya kemo (zile dawa kali za kuua kansa) kwa wagonjwa wa kansa ya tumbo, kwa utafiti wa watu 774, ukatoka 2011, haikuthibitika kuwa inarefusha maisha. Wengine wamefaidika kweli: Uholanzi walichukua watu 366 wenye kansa ya koo, nusu wakapasuliwa moja kwa moja, nusu wakapewa kwanza kemo na mionzi kwa wiki 5 ndo wakapasuliwa, matokeo ya 2012 yakaonyesha nusu ya wale wa kundi la pili waliishi zaidi ya miezi 49, wale wa kwanza 24. Na kwa ile aina ya kansa ya koo ambayo ndo imejaa huku kwetu Afrika Mashariki faida ilikuwa kubwa zaidi. Leo kwa aina hiyo ni tiba ya kawaida, na ilianza kama utafiti, mtu wa kwanza kusaini naye pengine alikuwa na hofu.

Utafiti wenyewe pia si lazima uwe dripu. Kuna mmoja umetoka 2025, watu 889 waliomaliza kemo ya kansa ya utumbo mkubwa, wengine wakawekewa ratiba ya mazoezi na msimamizi kwa miaka 3, wengine wakapewa kitabu cha ushauri tu, na baada ya miaka 5 wale wa mazoezi asilimia 80 walikuwa hawajarudiwa na kansa, wale wengine 74.

Sasa ile meseji ya WhatsApp inayozunguka kila mwaka, "kansa imepata dawa, wagonjwa wote wamepona". Mara nyingi inatokana na kitu cha kweli. 2022 New York wagonjwa 12 wa kansa ya mwisho wa utumbo mkubwa, karibu na tundu la haja, walipewa dawa inaitwa dostarlimab na uvimbe ukapotea kwa wote bila kupasuliwa wala mionzi. Kweli kabisa. Ila wote walikuwa na aina maalumu, uvimbe ambao mfumo wake wa kurekebisha makosa ya vinasaba umeharibika, maabara wanaandika dMMR au MSI-H, na aina hiyo ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu ya kansa za sehemu hiyo. Utajuaje kama mgonjwa wako yumo? Kwa kupima ile punje ya kahawia ndani ya nta. Narudi pale pale.

Jinsi ya kutafuta

Anzia kwa daktari anayemtibu, usimzunguke. Kutoka Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee wagonjwa wa kansa wengi wanapewa rufaa kwenda Ocean Road kule Dar, na Muhimbili, kwa hiyo swali la utafiti uliza huko pia, kliniki, kwa daktari, siyo kwa mtu wa mlangoni.

Huku nyuma tafuta mwenyewe. Kuna tovuti ya Marekani, ClinicalTrials.gov, ipo tangu 2000, bure, inaorodhesha tafiti za dunia nzima. Andika jina la kansa kwa Kiingereza kama lilivyoandikwa kwenye ripoti ya biopsi, herufi kwa herufi, kisha chagua nchi Tanzania, ukikosa jaribu Kenya, Afrika Kusini, India. Halafu tazama hali yake, lazima iwe imeandikwa "Recruiting", yaani wanachukua watu sa hivi, nyengine nyingi zimefungwa au hazijaanza. Kila utafiti una namba inaanza na NCT na tarakimu 8. Na kuna daftari la Afrika, pactr.samrc.ac.za, linaendeshwa kutoka Cape Town, namba zake zinaanza na PACTR, pale utakuta tafiti ambazo Wamarekani hawanazo.

Ukweli nikwambie, za dawa mpya za kansa hizi ndani ya Tanzania ni chache, utakaa usiku mzima na simu na pengine usipate inayokufaa. Tafiti nyingi za kansa ya koo zilizofanywa huku kwetu zilikuwa za kutafuta sababu, chai ya moto sana, tumbaku, meno, siyo za tiba. Nchi za nje mgeni kuingia ni vigumu, visa, makaazi, na utafiti mwingi unataka uhudhurie kila wiki 2 au 3. Usiuze shamba la mikarafuu kabla hujaandikiwa barua pepe na watafiti wenyewe kuwa karatasi zako wameziona na unafaa kuja kupimwa.

Ukiona unaofaa, soma sehemu ya masharti, nani anaingia nani haingii. Mara nyingi wanaangalia nguvu ya mwili, ini na figo, kama umeshapata kemo gani, homa ya ini B. Msomee daktari wako kwa ufupi, mpe ile namba. Namba hiyo inamsaidia kuliko hadithi.

Kabla hajasaini

Utapewa fomu ya ridhaa, kurasa 15, 20, nyengine zaidi. Una haki ya kuipata kwa Kiswahili unachokielewa. Una haki ya kwenda nayo nyumbani. Siku tuliyokaa na mtafiti wa ule utafiti, kabla hajaukosa, ami hakuwa na sauti kubwa tena lakini alikuwa mwalimu wa chuo miaka mingi, kaweka miwani, kasoma ukurasa wa kwanza wote, sisi tushachoka, kisha akauliza:

"Daktari mwanangu, nikiingia kisha nikachoka njiani, mtanikasirikia?"

"Hapana mzee wangu, unatoka siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea kama kawaida."

"Basi hilo niandikie hapa kwa kalamu yako."

Akamuonyesha, "lishaandikwa mzee, ukurasa wa nane." Ami akalipigia mstari. Sikumsahau kwa hilo, kwa sababu mimi ningesaini nikaondoka.

Maswali ya kwenda nayo, mengine yetu mengine tumepata kwa watu: hii ni awamu ya ngapi. Nisipoingia ntapata tiba gani. Wamepewa watu wangapi mpaka leo na kimewapata nini. Damu na kinyama changu kitapelekwa nje ya nchi, kitakaa muda gani. Nikipata madhara nani analipa, bima ipo? Utafiti ukiisha na dawa ikawa inanisaidia, ntaendelea kupewa au nakatiwa? Hili la mwisho usiliache kabisa, watu wanalisahau kisha wanalia.

Na uliza vibali. Utafiti wa dawa unaofanywa Zanzibar lazima upite kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Ukifanywa bara ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa. Kwenye fomu pawe na simu ya mtafiti mkuu na simu ya kamati ya maadili, mbili tofauti, kwa sababu ukiwa na malalamiko juu ya mtafiti humpigii yeye mwenyewe.

Pesa. Dawa inayofanyiwa utafiti hulipii, na vipimo vya ziada vya utafiti hulipii. Tiba ya kawaida inayokwenda sambamba pengine utalipia au bima, waulize mstari unapita wapi. Sisi watu wa visiwani tuulize na boti pia: Mkoani mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar, mgonjwa na mtu wa kumshika mkono, pa kulala, mara ngapi kwa mwezi. Tafiti nyingi zinarejesha nauli lakini wanataka tiketi, usizitupe pale gatini. Na mtu yeyote anayekwambia tuma laki mbili kwa simu nikuingize kwenye utafiti, au anayekuahidi kupona, huyo mwizi, mfungie namba.

Kusema kweli kwa watafiti

Hili naliomba sana. Wazee wetu wanakunywa vitu, habasoda, mlonge, kombe, mizizi ya kuchemsha ya mtu wa Micheweni anayesifika, na hawasemi kwa kuogopa kugombwa. Waseme. Baadhi ya mitishamba inapandisha au kushusha kiwango cha dawa kwenye damu, au inachosha ini, kisha watafiti wanaona ini limeharibika wanadhani ni dawa yao, wanamtoa mgonjwa. Mtafiti mzuri hakugombi, anaandika tu, anakwambia hiki simamisha hiki endelea. Ramadhani nayo ni hivyo hivyo, uliza mapema saa za vidonge, na dini imeshamruhusu mgonjwa kula, asijifiche.

Madhara pia yaseme madogo madogo. Kwa mgonjwa wa kemo, homa ikifika 38 si ya kusubiri asubuhi wala panadol, ni hospitali usiku huo huo. Na hizi dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, za aina ya nivolumab na pembrolizumab, zina jambo lao: kinga inaweza kuushambulia utumbo wa mwenyewe, mtu anaharisha mara nyingi kwa siku, na sisi tunakimbilia vidonge vya kufunga tumbo dukani. Usifanye hivyo, piga simu, kwa sababu hilo linahitaji dawa ya kutuliza kinga na likicheleweshwa utumbo unaweza kutoboka.

Sasa fikiria uko Konde, saa saba usiku, mtafiti yuko Dar na bahari katikati. Mgonjwa akishaingia kwenye utafiti anapewa kadi, ina namba ya utafiti, jina la dawa na simu ya masaa 24. Itolee kopi tatu. Moja kwenye pochi yake, moja ndani ya kava la simu yako, moja ibandike mlangoni kwa ndani ambapo hata mtoto anaiona. Kabla hajaanza dawa nenda nayo hospitali ya karibu yenu, Wete, Chake au Mkoani, mwonyeshe daktari wa zamu, mwambie mgonjwa wetu anaanza dawa hii, ikitokea usiku tutakuja kwako na tutampigia huyu, na umuombe aandike jina la dawa kwenye faili lake pale pale ukiwa umesimama.

Ami yeye hakuipata hiyo kadi. Alipata mionzi na wakamuwekea kijibomba cha waya kooni ili chakula kipite, akaja kufuturu na sisi Ramadhani ile kwa wali laini wa nazi na mchuzi wa pweza uliosagwa, akaomba aongezwe. Allah amrehemu. Kikaseti chake cha nta tunacho mpaka leo kwenye kabati, na ile namba ya ubavuni naijua kwa moyo.